Mlima wa Galgalo

"Ng'ombe wa maziwa wawili," alisema mzee Adano, akikunja kidole. "Mmoja akikauka, mwingine yupo."

Abdirahim, mwenye duka na mwenye lori, aliweka kikombe chini. "Mzee, hatuhami. Tunakwenda kutazama mlima, tukimaliza tunarudi. Lori langu halina zizi."

"Kwenda ni kwenda. Huko tutakunywa nini, mlima?"

Wazee waliokaa mbele ya duka, upande wa mashariki wa kivuko cha Garsen, walicheka. Galgalo Buya akacheka kuwashinda wote, maana siku hiyo alikuwa mtu mkubwa. Siku nyingine zote alikuwa mvuta kamba wa kivuko: kamba nene, ng'ambo hadi ng'ambo, na sugu za viganjani zilizomfanya ashike sufuria jikoni bila kitambaa.

Ilikuwa Mei, mwaka wa hamsini na nane. Masika yalikuwa yanaaga na Tana ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Abdirahim alikuwa anapeleka lori Isiolo, kwenye harusi ya nduguye, na habari zilikuwa zimewafikia kwamba huko juu serikali imetenga mlima mzima, ukawekwa lango na askari, watu waende kuutazama. Jambo hilo liliwanyima raha wazee wiki nzima. Mlima wa kutazamwa tu, bila kuchunga? Nani mwenye akili zake aweke askari kwenye malisho, kisha awaite watu waje waangalie? Lazima kuna kitu. Basi waende wakaone.

Nyuma ya lori wangekaa wazee watano. Mbele, kando ya dereva, kulikuwa na nafasi moja ya mjuzi wa njia, na hiyo haikujadiliwa. Miaka ishirini Galgalo amemsimulia kila aliyevuka mto jinsi alivyopanda mpaka kwenye weupe wa barafu, akavunja kipande, akakifunga kwenye nguo amletee mkewe Darmi. Kufika Ndera, njiani kurudi, nguo imelowa chapachapa, na mto siku ile ukapanda hadi magotini mwa mamba. Na kwamba huko juu ukimwita mtu, sauti inaganda. Anaisikia kesho yake jua likishaipasha. Watu walijua kumpunguza. Hadithi ya Galgalo unaitoa mafuta, unaitoa mifupa, kinachobaki unakunywea chai. Na kilichobaki siku zote kilikuwa kwamba aliufikia mlima akauona kwa macho yake. Hilo hakuna aliyelipunguza.

Macho yenyewe yalikuwa yanamkimbia. La kushoto lilikuwa limekwisha ingia ukungu, na la kulia lilikuwa linamfuata mwenzake. Akilikosa lori hili, litakuja jingine. Yeye ndiye hatakuwa na cha kutazamia. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu alipomposa Darmi.

"Sasa," alisema mzee Adano, "tufanye kama inavyofanywa. Leteni buni."

Galgalo aliacha kucheka.

Waorma hawahamishi ng'ombe kabla ya kumtanguliza mtu akayaone malisho. Akirudi hukalishwa katikati, buni hukaangwa kwa samli mbele yake, naye huulizwa. Kwenye masimulizi ya barazani mtu aseme atakalo, tembo apande mnazi. Kwenye kikao hicho, hapana. Baba mkubwa wa Galgalo aliwahi kusema kwamba Bangale kuna maji, nayo hayakuwepo. Ng'ombe walikufa njiani. Yeye aliishi mpaka akazeeka vizuri, ila hakuna aliyemuuliza tena habari ya kitu chochote, hata kama mvua imenyesha kwake.

"Mzee, si tunakwenda kutazama tu?" aliuliza Galgalo.

"Ndiyo maana. Tunahama na macho yetu. Kaa hapa katikati."

"Nami nataka kusikia," alisema Abdirahim. "Nafasi ya mbele ni ya aliyeuona. Asiyeuona na avute kamba."

Buni zilianza kupasuka kwenye samli.

"Ulipita wapi?"

"Hola, Garissa, kisha tukakata kuelekea machweo na ng'ombe wa tajiri mmoja."

"Maji?"

"Mito mingi. Ya baridi, yanauma meno."

"Malisho?"

"Mafupi, yamesongamana. Ng'ombe hatembei, anakula aliposimama."

Wazee waliguna kwa kuridhika.

"Na mlima?"

Ulimi uliijua njia; ulikuwa umeipita miaka ishirini. Galgalo alizitazama buni.

"Sikuuona."

Mmoja alicheka, akidhani hadithi ndiyo inaanza.

"Nilikaa chini yake siku tisa. Mawingu hayakuondoka. Kila asubuhi wenyeji wananionyesha kwa kidole, ule pale, na mimi naona kijivu. Siku ya kumi mwenye ng'ombe akasema turudi. Nilipofika mkaniuliza. Nikaona haya kusema nimetembea miezi kwenda kutazama mawingu."

Abdirahim aliuliza, "Na barafu uliyoifunga kwenye nguo?"

"Nguo ilikuwepo."

Hakuna aliyecheka. Abdirahim alikung'uta mapaja, akainuka. "Basi mbele atakaa kijana wangu wa lori, Olow. Yeye Isiolo amefika mara mbili."

Nyumbani Darmi alimtazama mara moja tu. "Umesema."

"Nimesema."

"Miaka ishirini mimi nalinda siri, wewe unaitoa mbele ya duka." Akamsogezea kibuyu cha maziwa.

Lori lilishuka mtoni siku ya tatu, asubuhi, wazee watano nyuma, bila ng'ombe. Galgalo alilivuta kama anavyovuta lori lolote. Katikati ya maji mzee Adano aliteremka kwenye lori, akaja akasimama kando yake, akaishika kamba.

"Ya siku ya kwanza yalikuwaje?"

"Nini, mzee?"

"Mawingu. Mtu aliyetangulia huulizwa alichokiona."

Galgalo alitafuta neno la kupamba, hakulipata. "Yalikaa chini. Kama moshi wa mavi mabichi ya ng'ombe, zizini, alfajiri."

"Ya pili?"

"Yalipanda kidogo. Nikaona mguu wa mlima. Mweusi, una miti."

"Kumbe mguu uliuona."

"Mguu tu."

"Waryaa, nyie, tunachelewa," aliita Olow kutoka mbele.

Walivuta. Ya tatu yalileta mvua ya mawe. Ya nne yalifanana na ya tatu, na Galgalo akasema hivyo hivyo, yalifanana. Walipokuwa kwenye ya tano kivuko kiligusa ukingo. Lori liliteremka, likapanda ukingo likinguruma, likasimama juu. Ubao wa nyuma ulikuwa umeshushwa, na wazee walikuwa wamesogeana wakaacha nafasi ya wawili. Dereva hakupiga honi.

Mzee Adano alikuwa anapanda kwa miguu, polepole, bila kugeuka.

"Na ya sita?" aliuliza.

Galgalo alikuwa bado ameishika kamba, inamdondokea maji miguuni.