Keza na Redio ya Studio

Yule mtu aliingia bila kubisha hodi, na mama akadhani ni askari. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa kumi na moja mwaka 2002, na katika Uvira ya siku hizo asiyebisha hodi alikuwa askari. Mama alisimama mbele ya kabati la kamera kana kwamba mwili wake mwembamba ungetosha kulificha. Kisha tukaona miguu ya mgeni. Alikuwa pekupeku, na matope meusi ya bonde la Ruzizi yalikuwa yamemkaukia mpaka magotini.

Alivua kofia. "Mama wa studio iko?" aliuliza, ingawa alikuwa anamtazama.

"Ni minye," mama alijibu. "Na mlango wangu ni wa mbao. Ukigonga unasikika."

Aliomba msamaha. Aliogopa kusimama barabarani, alisema. Aliitwa Ndayiragije, mkulima wa Runingu, na alikuwa ametembea tangu alfajiri akipita mashambani ili kukwepa bariyeri za askari, maana siku hizo jina kama lake, la upande wa Burundi, lilitosha kumfanya mtu aulizwe maswali yasiyokuwa na jibu zuri. Mama alimpa kiti na maji. Alikunywa yote kabla ya kusema kilichomleta.

Mke wake, Keza, alikuwa amekufa mwaka uliopita, kwa homa, walipokuwa wamekimbilia porini wakati wa mvua. Jumapili hiyo ndugu wangeondoa matanga. Kwao, kama kwetu, matanga hayaondolewi bila picha ya marehemu. Inasimamishwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kila anayefika anaisalimu kwanza kabla ya kusalimu walio hai, na baada ya siku hiyo inatundikwa nyumbani, na maisha yanaendelea. Lakini nyumba ya Ndayiragije ilikuwa imechomwa mwezi uliotangulia, na picha zote zikaungua humo.

"Mutoto yangu iko na miaka mine," alisema. "Ananiuliza mama alikuwa na sura gani. Nilikuwa namwambia. Sasa minye mwenyewe nimeanza kuchanganya."

Mama alimuuliza kama waliwahi kupiga picha hapa kwetu. Alisema ndiyo, mwaka 1996, kabla ya vita ya kwanza, wiki ya arusi yao. Kisha akatazama sakafu.

"Mara moja tu, mama. Zingine zote tulipigia Bujumbura. Ubatizo, Noeli, zote. Zile za rangi. Nilikuacha."

Mimi nilihisi masikio yangu yanapata moto, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Studio yetu ilikuwa mtaa wa Kilibula, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege na ziwa, na nyuma yake chumba cheusi kisichotosha watu wawili wanene. Baba aliianzisha, na alipofariki mama aliendelea nayo. Picha zetu zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mama alizisafisha mwenyewe kwa mikono yake. Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa moja, kulikuwa na mashine iliyotoa picha za rangi ukiwa bado unakunywa jusi ya baridi. Kwa hiyo watu walienda. Walipita mbele ya mlango wetu wakiwa na filamu ndani ya mikoba, wakimwambia mama kwamba wanakwenda kununua vitenge. Mama aliwatakia safari njema. Na mimi, mtoto wake, nilipomaliza masomo ya graduat, miaka mitatu ya chuo, mwaka ule, nilivuka mpaka kwa siri na kupigwa picha ya rangi nikiwa na kanzu ya sherehe. Mama aliikuta ndani ya Biblia yangu. Aliitazama sana, kisha akasema, "Wamekukata miguu." Kesho yake niliikuta ukutani, ndani ya fremu nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo.

Wale wa Bujumbura walimpa mteja picha pamoja na negatifu zake, kila kitu, halafu wakamsahau. Sisi tulibaki na negatifu. Ilikuwa desturi ya baba. Tulipokimbia mwaka 1996, majirani walizika sufuria na cherehani, na mama akazika negatifu chini ya jiko, ndani ya makopo ya maziwa ya unga aliyoyaziba kwa nta ya mishumaa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilimcheka.

Tulileta makopo. Kila kipande cha filamu kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya daftari, na juu yake mama alikuwa ameandika tarehe, na chini ya tarehe si jina la mtu bali kitu alichoazima. Watu walikuja kwetu kupigwa picha wakiwa na koti letu, saa yetu, viatu vyetu, na mama aliandika ili ajue cha kudai kabla hawajatoka. Ndayiragije alikumbuka kwamba mke wake alishika redio. Kwa hiyo hatukumtafuta Keza, tulitafuta redio. Kulikuwa na redio nyingi mwaka ule. Ilipofika ya kumi na moja, mama alisogea dirishani, akainua kipande cha filamu kwenye mwanga, akamwita.

Mgeni alitazama. Katika negatifu uso wa mke wake ulikuwa mweupe na meno yake meusi. Alitikisa kichwa, hakumtambua.

"Ni yeye," mama alisema. "Utamuona. Jumamosi saa sita, atakuwa mukubwa kama kitabu cha misa."

Ndayiragije alitaka kuacha shati lake kama dhamana. Mama alimwambia alivae, mvua inakuja.

Mgeni alipoondoka, nilifungua kabati. Karatasi za picha zilikuwa zimebaki kumi. Tulizinunua Bujumbura pia, na mpaka wa Kavimvira ulikuwa umefungwa.

Alhamisi alikuja Jean-Berchmans, prefe, yaani mkuu, wa shule moja ya sekondari mjini, mtu wa suti hata wakati wa risasi. Kwa miaka miwili alikuwa amewakodia gari wanafunzi wake wa mwaka wa sita wakapigwe picha za mtihani wa serikali Bujumbura. Sasa mpaka ulikuwa umefungwa, na mjumbe wa kupeleka faili Bukavu angeondoka Jumamosi jioni. Alihitaji picha ndogo za wanafunzi themanini. Kama mama angemwokoa, alisema, shule yake isingekwenda kwingine tena, mwaka huu na miaka yote, naye angeongea na maprefe wenzake.

Karatasi moja ilitoa picha ndogo za wanafunzi wanane. Niliona hesabu ikipita usoni mwa mama, ikafika mwisho na kusimama. Karatasi kumi, wanafunzi themanini. Lakini Keza angehitaji karatasi nzima, na nyingine ya kukata vipande vya kujaribia mwanga, maana negatifu iliyokaa ardhini haiaminiki.

"Nitakufanyia sitini na ine," mama alisema, na akamweleza sababu.

Prefe alisema faili zinakwenda zote au haziendi. Kisha akacheka, si kwa ubaya, akamwita mama kwa jina langu. "Marehemu hana mtihani, Mama Félicien."

"Ndiyo maana hawezi kurudi kupigwa ingine."

Aliondoka akisema atarudi Jumamosi na wanafunzi wake, labda mama atakuwa amefikiri.

Mimi nilifikiri kwa niaba yake siku nzima ya Ijumaa, tukiwa tumekaa tukisubiri umeme urudi. Nilimwambia kwamba shule hiyo ingeirudishia studio uhai. Nilimwambia kwamba yule mtu alituacha, alikiri kwa kinywa chake, na kwamba picha ndogo, ya ukubwa wa kitambulisho, ingemtosha. Nilisema vizuri, kama mtu aliyesoma. Mama alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa. Alinyanyua uso, akaonyesha picha yangu ya rangi ukutani.

"Na weye ulinihama," alisema. "Nilikunyima chakula?"

Jioni ile tulisikia milio kutoka upande wa bonde, mizito, ya mbali, na watu waliotoka huko walisema barabara imefungwa.

Umeme ulirudi Jumamosi saa tatu asubuhi. Prefe alikuwa tayari mlangoni, na nyuma yake wanafunzi wamepanga mstari mpaka kwenye mtaro, mashati meupe, nywele zimechanwa kwa maji. Alizungumza na mama kwa sauti ya chini. Yule mtu wa Runingu hatakuja, alisema, hakuna anayetoka bondeni leo, na mama anajua hivyo. Wale watoto wako hapa. Umeme unaweza kukatika saa yoyote. Hakukuwa na neno hata moja la uongo katika yote aliyosema, na nilimtazama mama nikitamani akubali, na nikitamani asikubali.

"Nilimwambia saa sita," mama alisema. "Wakae. Nikitoka nitafanya wanaotosha."

Niliingia naye chumba cheusi kumshikia saa. Kipande cha kwanza cha kujaribia kilitoka kijivu, cha pili kikatoka cheusi. Unyevu wa ardhi ulikuwa umeacha doa pembeni mwa negatifu, na mama alilikinga doa hilo kwa kidole wakati mwanga unashuka, akihesabu kwa midomo. Kisha akalaza karatasi nzima ndani ya beseni la dawa. Macho yalitangulia kutokea. Baadaye nywele, baadaye kinywa ambacho kilikuwa kinajizuia kucheka, na begani mkono wa Ndayiragije kijana, na mwisho kabisa redio yetu ya zamani, imeshikwa kama mtoto mchanga.

"Ah, huyu," mama alisema. "Huyu alinisumbua. Hakutaka kutulia."

Tulipotoka, mstari haukuwepo. Prefe alikuwa amewapeleka kwenye studio iliyo karibu na soko, ambako kumbe karatasi zilikuwepo. Shule yake imebaki huko mpaka leo, na zile nyingine pia. Mama alisimama mlangoni akitazama alama za viatu kwenye mtaro. Kisha akaenda kutundika picha ikauke.

Saa sita ilifika, na saa nane, na saa kumi. Ndayiragije hakutokea. Nilidhani mama angesema kwamba ametimiza upande wake. Lakini Jumapili alfajiri nilimkuta anafunga kamba za viatu, bahasha iko kifuani, ndani ya kitenge.

"Ulimwambia Jumamosi, studio," nilisema. "Ilikuwa tayari Jumamosi."

"Matanga ni leo," alisema. "Picha iko hapa. Ni kitu gani kiko tayari?"

Alikuwa na miaka hamsini na mbili na kifua kibovu. Nilichukua bahasha. Nilichukua na baiskeli ya baba, ile niliyoendea kila siku kwenye shule nilikofundisha bila mshahara, na mama akanishika uso kwa mikono yake yenye harufu ya dawa, akaniacha niende.

Barabara ilikuwa tupu. Kwenye bariyeri ya pili askari alinishusha. Alikuwa na umri wangu, labda mdogo. Alifungua bahasha na kuitazama picha kwa muda mrefu sana, nami nilitazama vidole vyake, maana alama za vidole hazifutiki kwenye picha. Aliniuliza hawa ni nani. Nilimwambia mwanamke ni marehemu, leo wanaondoa matanga yake, na picha inangojewa mezani.

"Mama yako?"

"Hapana. Ni kliyente."

Alinitazama kama mtu anayechagua kati ya kucheka na kukasirika. Mwishowe alirudisha picha ndani ya bahasha, polepole, akaangalia kwamba kona hazikukunjika. "Picha inapita," alisema. "Kinga inabaki." Kinga ni baiskeli. Aliishika ile ya baba, akaiegemeza kwenye magunia ya mchanga. Sikuiona tena. Nilitembea.

Nilifika Runingu misa ikiwa imekwisha. Katika uwanja wa nyumba isiyokuwa na paa walikuwa wameweka meza, kitambaa cheupe, mshumaa, na nyuma ya mshumaa nafasi tupu. Watu walikuwa wamekaa bila kujua waanze vipi. Ndayiragije alinyanyuka. Shavu lake moja lilikuwa limevimba. Alikuwa amejaribu kupita siku mbili mfululizo, na mara zote mbili walimrudisha. Nilimpa bahasha. Aliipokea kwa mikono yote miwili, akaifungua, na safari hii alimtambua.

Hakulia. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akamwita mtoto. Alikuja msichana mwenye gauni lililokuwa refu kwake, Itangishaka, akaegemea bega la baba yake na kutazama. Alitazama uso wa mama yake. Alimtazama kijana aliyekuwa baba yake. Kisha kidole chake kikaelekea chini ya picha.

"Redio ni yetu?"

"Hapana," Ndayiragije alisema. "Ile ni ya studio."

Mtoto alirudisha kidole juu, kwenye uso wa mama yake.

"Na huyu?"

"Huyu ni wetu."

Ndayiragije alinyanyuka akaisimamisha picha nyuma ya mshumaa, na watu wakaanza kupanga mstari kumsalimu Keza. Nami nilijipanga nyuma yao.