Nyonga ya Lori la Zege

Bi Kasoro tulimtegemea saa nne. Akaingia saa tatu kamili, mimi bado nina rangi kwenye nyusi, na mdogo wangu bado yuko chini ya meza akitafuta skrubu iliyomponyoka. Jamani, mtu gani anawahi kiasi hicho!

Jina lake halisi silijui mpaka leo. Sisi wa karakana tunamwita Bi Kasoro kwa sababu yeye ndiye anayekagua vitu vya kuchezea kabla kampuni inayotununulia haijavipeleka madukani, na hajawahi kutoka mahali bila kukuta kasoro. Mwaka juzi alikagua mpira akasema haujakaa duara. Mpira! Siku hiyo alikuja kumkagua Zege.

Zege ni roboti. Akisimama, urefu wake ni kiganja na nusu. Ukimgeuza, hatua kumi na mbili tu, anakuwa lori la kuchanganya zege lenye pipa linalozunguka kwelikweli, si la kuchora. Kichwa cha lori kinakuwa kifua, pipa linagawanyika linakuwa mabega, magurudumu ya nyuma yanajificha kwenye visigino. Mdogo wangu alimchora, akamchonga, akamvunja, akamchonga tena, miaka mitatu. Watu wanamwita Kimya, na hawakukosea. Mama yetu alikuwa akisema mimi nilitangulia kuzaliwa nikayatumia maneno yote, yeye alipofika akakuta sanduku tupu. Basi yote ambayo angeyasema, aliyatia ndani ya Zege.

Mwenye karakana tunamwita Mzee Mifuniko, maana hajui kitu kingine duniani zaidi ya mifuniko ya ndoo. Wiki moja kabla alimwambia Kimya mbele ya wafanyakazi wote, "Roboti wako akipita, mashine ya kumiminia plastiki ni yako. Akirudishwa, ile kalibu inayompa umbo naiyeyusha, na kesho yake asubuhi unanitolea mifuniko." Kalibu ni moja tu. Ikiyeyushwa, miaka mitatu imekwenda na maji. Kimya alitikisa kichwa kukubali. Mimi usiku kucha nilikuwa nageuka kitandani kama chapati kwenye kikaango.

Kazi yangu ni rangi. Na kwa rangi, niwie radhi, sina mpinzani. Mama alikuwa mpaka rangi milango, akinifunza kwamba rangi isiyofika uvunguni ni uvivu. Ukipaka mlango, paka na ukingo wa juu ambao hata paka hauoni. Nimeishi hivyo. Sasa jana yake mchana Kimya aliniletea Zege wa kukaguliwa, amembandika vipande vidogo vya karatasi ya gundi kwenye viungo: magoti, viwiko, nyonga. "Hapa usipake," alisema. Maneno mawili, akaenda zake. Nikapaka mwili wote rangi ya chungwa niliyoichanganya mara kumi na nne hadi ikang'aa kama tunda lenyewe. Nikabandua zile karatasi, nikakunja goti, na loh! Plastiki ya kijivu imetokeza, tupu kabisa, kama mtu aliyevaa suti bila soksi. Bi Kasoro ataiona hiyo, nikajiambia, atatuua. Kimya hakuwepo. Nikapulizia viungo vyote, vikakauka, nikapulizia tena. Nilijisifu mpaka nikapiga mluzi.

Haya. Bi Kasoro ameketi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akatoa kwenye mkoba kipande cha kioo, kitambaa cheupe, kalamu na kadi. Akamsimamisha Zege juu ya kioo, akainama mpaka pua yake ikalingana na pua ya Zege.

"Nani kachora?"

Kimya akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Skrubu ziko wapi?"

"Chini ya nyayo," akasema Kimya. "Na kwapani."

"Kwapani!" Bi Kasoro akamwinua Zege mkono, akachungulia kwapa, na haki ya nani nilimwona akitabasamu. "Nimekagua roboti wengi, mwanangu. Wote wana skrubu kifuani kama vifungo vya shati. Huyu kaficha kwapani." Akaandika. Moyo wangu ukaanza kudunda kwa raha, nikamfinya Kimya kiuno.

Kisha akachukua kitambaa cheupe. Akamsugua Zege kisogoni, mashavuni, pembeni ya macho. Akakitazama kitambaa. Cheupe pe!

"Nani kapaka?"

"Mimi, mama! Mimi mwenyewe, kwa mkono huu! Hayo macho nimeyapaka kwa brashi ya nywele saba, nilizihesabu, nikaziba pumzi ili mkono usi..."

"Nimeuliza nani. Sikuuliza vipi."

Nikanywea. Lakini yeye akakunja goti la Zege, akatazama ndani. "Hee. Hata huku?"

"Hata huko!" Nikageuka kumwangalia Kimya nione anavyofurahi. Hakufurahi. Alikuwa akilitazama lile goti, na uso wake umebadilika kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Sikuelewa. Nilidhani ni woga.

"Tugeuze," akasema Bi Kasoro.

Sheria yake kila mtu anaijua: hatumii nguvu. Mtoto hana nguvu, anasema, kwa hiyo na mimi sina. Kitu kikigoma mkononi mwake, kimegoma. Akaanza. Kichwa ndani, ta! Mabega yakakutana yakawa pipa, ta! Mikono ikalala ubavuni, ta! Kila mlio nilikuwa naruka. Ya sita, ya saba, ya nane. Hatua ya tisa paja linapanda kuingia kwenye nyonga.

Halikuingia.

Akalishusha, akalipandisha tena taratibu. Likafika nusu, likakwama. Akamweka Zege juu ya kioo, nusu mtu nusu lori, miguu imetanuka hewani. Mzee Mifuniko, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijifanya hana habari, akakohoa. "Mifuniko," akasema, "haina nyonga."

Ningekuwa na kitu kizito mkononi ningemrushia.

Kimya akasogea, akapitisha kidole gumba ndani ya nyonga ya Zege, mara moja tu. Akaniangalia. Halafu akamgeukia Bi Kasoro na kusema, "Ni vipimo vyangu, mama. Nyonga nimeikosea mimi."

Hapo ndipo kichwa kilipofunguka. Vipimo gani! Roboti yule alipokuwa mtupu nilimgeuza mwenyewe mara hamsini, anateleza kama samaki. Kilichoongezeka tangu siku ile ni kitu kimoja: rangi. Tabaka mbili, upande huu na upande ule, zimejaza ile nafasi nyembamba. Zile karatasi za gundi hazikuwa za mapambo. Kiherehere changu ndicho kilichomkaba Zege.

Nitasema ukweli: nilitaka kunyamaza. Bi Kasoro alikuwa ameshaisifu rangi yangu, Kimya ameshajitwika lawama, na nani angejua? Lakini nikaona mkono wa Bi Kasoro unaifuata kalamu, nikaiona kalibu inayeyuka. Mficha uchi hazai.

"Si vipimo!" Nilipaza sauti hadi mashine ya jirani ikazimwa watu wasikilize. "Ni mimi! Aliniambia nisipake viungo, nikapaka! Mara mbili! Ni ujuaji wangu tu, mama, yeye hana kosa hata chembe! Nipe dakika kumi niikwangue!"

Bi Kasoro akanitazama juu mpaka chini. Pembeni yake kulikuwa na kikombe cha chai alicholetewa, kinafuka moshi.

"Zege halilali," akasema. "Nakunywa chai yangu. Kikombe kikiisha, naandika."

Nikachukua kisu changu chembamba. Kimya akamshika Zege, mimi nikakwangua. Jamani, ile rangi! Ile niliyoichanganya mara kumi na nne, inatoka kwa vumbi inaangukia aproni. Ilikuwa kama ninajinyoa nyusi mwenyewe. Mkono wa Kimya umetulia tuli, wangu unakimbia. "Taratibu," ananiambia. Na yule mama, mtu gani anakunywa chai ya moto kwa kasi ile! Fundo. Fundo. Nyonga ya kulia ikafika kwenye plastiki ya kijivu. Fundo. Nikahamia kushoto, kisu kikateleza kikachora mkwaruzo mrefu kwenye paja, nikapiga yowe, Kimya akasema, "Endelea."

Kikombe kikagonga sahani.

"Nileteeni."

Akampokea. Akalipandisha paja la kulia. Ta! La kushoto. Ta! Kumi, kumi na moja, magurudumu yakashuka, kumi na mbili, na pale juu ya kioo likakaa lori la zege, zuri, nadhifu, la rangi ya chungwa. Bi Kasoro akalisukuma kwa kidole kimoja. Likaserereka hadi ukingoni huku pipa likizunguka. Nyuma yetu wafanyakazi wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kurukaruka muda mrefu.

"Bado mikao," akasema, na kelele zikakatika.

Akamrudisha kuwa roboti. Akampigisha goti. Akamsimamisha kwa mguu mmoja, mkono juu, kiuno kimepinda, mkao ambao mimi mwenyewe ningevunjika. Kisha akakunja ngumi, akaipiga meza. Pu! Kikombe kikaruka, kalamu ikabingirika, Mzee Mifuniko akashika kifua. Zege kimya. Mguu mmoja. Akapiga tena kwa nguvu zaidi. Zege akatikisika kidogo, akatulia, mkono juu vilevile kama anayemsalimia mtu.

Bi Kasoro akaokota kalamu, akaandika, akasoma kwa sauti. "Umbo, zuri. Mikao, nzuri sana. Rangi..." Akatazama ule mkwaruzo kwenye paja. "Rangi, mbovu."

Miaka kumi na minane ya kazi, hakuna mtu aliyewahi kuniandikia neno hilo. Na nilicheka! Nilicheka mpaka machozi, maana nilikuwa nimeshauona mstari wa chini kabla hajaufikia: Apite.

"Na mnifungie huyu huyu," akasema akiinuka. "Huyu aliyekwanguliwa. Atakuwa wa mfano. Wote watakaotoka kwenye ile mashine watoke hivi, nyonga zisipakwe." Akamgeukia Mzee Mifuniko. "Mashine nasikia umesema ni yake?" Mzee Mifuniko akasema ndiyo, ndiyo, bila shaka, akaenda kumfungulia mlango.

Alipotoka, karakana ikawa kama ina harusi. Wakambeba Kimya juujuu, wakamzungusha mara mbili, wakamrudisha chini amekuwa mwekundu wa masikio. Nikamvuta pembeni ya pipa la taka.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulipopitisha kidole, ulijua ni rangi."

"Nilijua pale goti."

"Sasa ukasema vipimo vyako kwa nini, wewe mtu! Kalibu ingeyeyushwa! Miaka mitatu!"

Akaanza kunifuta vumbi la rangi kwenye aproni, kidogo kidogo, kama anayefikiria hesabu.

"Zege ningemchora mwingine," akasema. "Wewe ningekutengeneza na nini?"

Kumbe lile sanduku mama hakulichungulia vizuri. Nikafungua mdomo nimjibu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikupata hata neno moja.