Pete Pindoni

Kila akienda chooni, Xaveria huvua pete ya ndoa, huifunga kwenye pindo la kanga kuukuu inayoshinda kambani. Shimo la choo chao hapo Maisaka ni refu, na tangu simu ya dada yake itumbukie humo, haliamini tena. Mumewe, Wilbroad, humcheka hata mbele ya wanajumuiya.

Leo alipotoka walipishana mlangoni. Wilbroad alishika tochi, mchana kweupe.

"Tochi ya nini, Baba Jenifa?"

"Naangalia kama shimo limejaa."

Xaveria akafungua fundo, akavaa pete. Ikapwaya. Akaihamishia kidole gumba, bado inapwaya. Amekonda lini? Au yake imetumbukia? Na hii basi ni ya nani? Akaipapasa kanga pindo kwa pindo, akakuta fundo la pili, na ndani yake pete ya kumtosha.

Akatazama choo. Mwanga wa tochi ulikuwa ukihangaika kwenye nyufa za mbao. Kumbe mchekaji naye hufunga, ila leo amesahau kwamba ameifunga.

Akaifunga ile pete kubwa palepale alipoikuta, akavuta kigoda, akaanza kuchambua maharage.