Kiti cha Dirishani

Kabla hujakaa vizuri, nikutegee kimoja. Nina nyumba ndogo isiyo na mlango, na ndani yake yumo mpangaji. Leo analala chumba cha kushoto, kesho cha kulia, keshokutwa kahamia uani. Anapigilia misumari, anawasha moto, anapindua vyombo. Nikiwaita majirani waje wamwone, wanachungulia, wanasema: mbona hamna mtu? Nani huyo?

Usinipe mji. Miji yenyewe siku hizi kodi yake haishikiki. Wewe sikiliza tu, jibu litapita mbele yako.

Asubuhi hiyo mpangaji alianza na miayo. Mwanamke waliyemwita Mifuko, kwa kuwa kazi yake kiwandani ilikuwa kushona mifuko ya mashati ya shule, alipiga mwayo wa kwanza akiwa ameshika ndoo, wa pili akimfunga mwanawe vifungo, wa tatu mbele ya mama mkwe wake, mdomo wazi, maana mikono yote miwili ilikuwa na vyombo.

"Usingizi wote ule haujakutosha?" mama mkwe akauliza.

"Si usingizi, mama. Ni kile kichwa. Kikitaka kuja kinaniletea miayo kwanza, halafu shingo inakuwa ubao."

"Kichwa, kichwa. Nani humu ndani hana kichwa?"

Yakaisha. Mama mkwe alikuwa na kazi yake kibarazani. Alipakata beseni la maji ya vuguvugu, na ndani ya maji ulitulia mkono wa bintiye, wifi yake Mifuko. Wifi na Mifuko walishona kiwanda kimoja. Wiki sita nyuma sindano ya cherehani ilimwingia wifi kidole cha shahada, ikatoboa ukucha, ikatokea upande wa pili. Tangu siku hiyo kila asubuhi mama yake alikiosha kidole kile kama anaogesha mtoto mchanga, akakipuliza, akakifunga bendeji nyeupe. Aliyepita njiani alisimama.

"Pole, binti. Kinaendeleaje?"

Mifuko alikuwa akizihesabu zile pole. Zilishafika tano na chai haijachemka. Yeye na kichwa chake cha miaka kumi na minne hajawahi kupewa hata mbili kwa siku moja.

Tuseme ukweli, alikuwa na wivu. Watu huonea wivu nyumba ya mtu, nguo ya mtu, mume wa mtu. Yeye alionea wivu bendeji.

"Hivi wifi," akasema, sauti yake ikiwa na mwiba ndani, "ile sindano ilikuingiaje? Miaka tisa unashona, hujawahi hata kujichoma."

Swali hilo alishaliuliza mara nyingi, na kila mara alipewa jibu jipya. Siku moja alikuwa nzi, siku nyingine usingizi.

"Nilikuwa nakutazama wewe ulivyo mzuri," wifi akasema, "nikakisahau kidole."

Mama mkwe akacheka mpaka maji yakamwagika. Wifi akainuka taratibu, mkono ukutani, akachukua kitenge chake alichokikunja mara nne. Siku hizi hakai popote bila kutandika kitenge hicho. Ona anavyojiinua, Mifuko akawaza. Bibi harusi mzima.

Kisa chenyewe kilikuwa kiti. Kiwandani palikuwa na kiti kimoja tu cha kazi nyepesi, dirishani, kwenye meza ya kukatia nyuzi. Alikaa hapo mgonjwa mwenye karatasi ya zahanati, wiki sita, basi. Wiki sita za wifi zilikuwa zinakwisha siku hiyo. Na Mifuko alikitaka kiti kile kuliko alivyotaka kula, kwa sababu juu ya cherehani yake ilining'inia taa ndefu nyeupe iliyokuwa ikipepesa tangu mvua zilizopita. Alishasema, wakamwambia mbona inawaka.

Utotoni kichwa chake kililetwa na jua na njaa. Alitapika, akalala, kikaenda zake. Alipozaa mtoto wa pili kikaanza kuja kwa mwezi, pamoja na siku zake. Sasa kililetwa na taa ile, na harufu ya wanga wa kitambaa kipya, na mara nyingine na mawingu tu yakibadilika. Kuna siku hakiumi kabisa, bali mkono unaingia ganzi na maneno yanampotea, anaita mkasi "kile cha kung'ata". Mara mbili alishatoka kazini kabla ya saa. Msimamizi alimwambia: ya tatu usirudi.

Kwa hiyo asubuhi ile, kabla ya kazi, alipitia zahanati, akapanga foleni. Nesi akafungua daftari lake, akalisoma huku kalamu ikitembea juu ya mistari.

"Mwezi jana uliumwa upande wa kushoto. Kabla ya hapo, nyuma ya jicho la kulia. Kabla ya hapo, kutapika. Haya, leo wapi?"

"Leo bado hakijauma."

"Hakijauma."

"Kitakuja, dada. Saa nne, saa tano hivi."

"Mna miadi?"

Foleni nzima ikacheka. Hata mzee aliyekuwa akikohoa alikatisha kikohozi acheke.

"Mimi nimezoea maradhi yaliyotulia," nesi akaendelea. "Kichwa gani kinahamahama kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba?"

"Bibi yangu alikiita kipandauso. Naye alikuwa nacho."

"Kwenye fomu hakuna bibi yako. Kuna picha."

Fomu ilikuwa na mchoro wa mtu, mbele na nyuma, mikono imeachana na mwili. Nesi alitakiwa kupiga alama ya mkasi mahali palipo na ugonjwa. "Nionyeshe," akasema. Mifuko akakitazama kichwa cha yule mtu wa karatasini. Kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati. Aonyeshe nini hapo?

Nesi hakuwa mtu mbaya. Nyuma ya Mifuko walisubiri watu sitini, na dawa za maumivu zilikuwa zimekwisha tangu Jumatatu. Akaandika maneno mawili, akagonga muhuri, akamwambia akanunue vidonge dukani. Dukani vilikuwa vimepanda.

"Jana si vilikuwa nusu ya bei hii?"

"Jana imeshazikwa, dada," mwenye duka akamwambia.

Akanunua kimoja, akakitia kwenye upindo wa nguo. Njiani akaisoma karatasi. *Hakuna kinachoonekana.*

Msimamizi wao walimwita Kipenga, kwa kile anachovaa shingoni. Alikuwa mtu wa manukato makali, akipita kwenye mstari harufu inabaki imekaa. Asubuhi ile alipita mara tatu. Mara ya tatu Mifuko akameza kile kidonge bila maji.

Kazi yake ilikuwa hivi. Vipande vya mbele vya shati vilimfikia kwa marundo mawili: vya upande wa kushoto wa shati rundo la kushoto, vya kulia rundo la kulia. Mfuko unashonwa kwenye kipande cha kushoto, juu ya moyo, halafu kinaunganishwa na mwenzake. Miaka sita mikono yake ilifanya hivyo bila kumwuliza.

Ng'ambo, dirishani, wifi alikuwa amekaa juu ya kitenge chake, upepo unamchezea mtandio, mkasi unalia taratibu: kche, kche. Jua la asubuhi limemlalia begani kama paka. Mama wa chai alipopita alimwekea kikombe bila kuombwa. "Pole na kidole, mwanangu." Ya nane, Mifuko akahesabu, na kinywa kikamchachuka. Bendeji ilikuwa nyeupe, nyeupe kuliko kola mpya. Mshenzi hata vumbi halimkai.

Saa nne na nusu mng'ao ukamjia machoni. Ulianza kama tundu la sindano katikati ya kitambaa, ukakua, ukawa meno ya msumeno yanayowaka, ukatembea kwenda kushoto. Ulipopita hapakubaki kitu. Lingekuwa giza angelijua. Hapakuwa hata na giza. Nusu ya meza haikuwapo. Juu taa ikapepesa, ikapepesa. Akajiambia, shona tu, mikono inajua.

Mikono ilijua kuchukua kilichokuwapo. Ikachukua, ikashona, ikachukua.

"Simamisha!"

Kipenga alikuwa ameinua kipande juu, mstari mzima ukione. Mfuko ulikuwa umekaa vizuri, mishono imenyooka kama rula. Upande wa kulia.

"Nisaidieni jamani," akasema. "Watoto wa shule hii moyo wao umekaa wapi?"

Wakacheka. Akavihesabu vipande kimoja kimoja, kwa sauti. Thelathini na moja.

"Haya, jieleze."

Mifuko akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, akaliona likigeuka na kuondoka. "Ni ile... ile ya juu."

"Ya juu ipi? Mungu?"

"Ile... inayopepesuka."

"Mwenye kupepesuka ni wewe!" mtu akadakia kutoka nyuma. "Kanywa nini asubuhi yote hii?"

Akatoa karatasi ya zahanati, maana karatasi haipotezi maneno. Kipenga akaisoma kwa sauti ile ile ya kuhesabia. "Hakuna kinachoonekana. Muhuri huu hapa." Akaikunja, akamrudishia. "Wifi yako nilimpa kiti kwa kuwa damu niliiona kwa macho haya mawili. Wewe unaniletea hewa. Tena sikilizeni wote, ofisi imesema kile kiti kinapunguza kasi. Leo kinarudi stoo. Mwenye kidole, baada ya chakula unarudi kwenye cherehani." Akamgeukia tena Mifuko. "Na wewe, utakaa mapumziko ufumue vyote. Kipenga cha kurudi kikilia hujamaliza, chukua mkoba wako."

Wifi kule dirishani akainamisha uso. Mifuko akamwona, na badala ya kumhurumia moyo wake ukaruka. Vizuri. Nawe urudi huku. Furaha hiyo ilidumu kama moshi wa kiberiti.

Wakati wa chakula ukumbi ukabaki mtupu. Hapo maumivu nayo yakafika, upande wa kulia, yakigonga nyuma ya jicho kama anayedai afunguliwe. Akashika wembe wa kufumulia. Mkono ulikuwa na ganzi, wembe ukamponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Vipande thelathini na kimoja. Alikuwa amefumua kimoja.

Akaitazama sindano.

Damu, alisema, niliiona kwa macho haya mawili.

Akawasha cherehani. Akainua chuma kinachobana kitambaa, akakiweka kidole cha shahada pale chini, akaushusha mguu mpaka ukagusa pedali. Hakuwaza kiti tena, kiti kilishakwenda. Aliwaza beseni. Aliwaza maji ya vuguvugu, na mama mkwe akipuliza, na watu wakisimama njiani. Mmoja tu, jamani, asimame na kusema pole.

Mtambo ukanyamaza ghafla. Taa nayo ikazimika, na taa zote za ukumbi.

Wifi alikuwa ukutani, mkono juu ya swichi kubwa.

"Kitoe kidole hicho."

"Niache!"

"Kitoe, nimesema."

"Wewe nini kinakuuma?" Mifuko akapasuka, na maneno yote yaliyompotea asubuhi yakaja kwa pamoja. "Kiti ulipewa. Mama unaye. Chai unaletewa. Wiki sita sasa mimi nakuhesabia pole zako! Kidole kimoja, wifi, kidole kimoja watu wanakulilia. Mimi siku nikifa wataniandikia hakuna kinachoonekana, na muhuri watagonga!"

Wifi akauacha ukuta. Akaanza kuja, akishika cherehani hii, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Bila ile taa macho ya Mifuko yalikuwa yanatulia, upande wa kushoto ukirudi kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza alimtazama wifi yake akitembea mpaka mwisho. Kila hatua uso ulimkunjamana. Jasho lilikuwa limemkaa juu ya mdomo. Bibi harusi gani huyu?

Akatandika kitenge kwenye benchi, akajishusha juu yake kama anayeshusha mzigo wa mayai. Akauma fundo la bendeji, akaifungua, akaitupa sakafuni. Kisha akachukua nusu ya vipande na wembe mwingine.

Kidole kilikuwa kizima. Palibaki nukta nyeusi tu katikati ya ukucha.

"Kimepona," Mifuko akasema.

"Kilipona wiki ya tatu. Mama anajua."

Wakafumua. Wifi alifumua viwili Mifuko akifumua kimoja. Nje Kipenga alikuwa akipiga kelele, nani kagusa umeme, nani huyo. Halafu akapuliza kipenga cha kurudi kazini, kwa mpulizo mrefu. Vilibaki vipande kumi na kimoja. Wote wawili hawakuinuka. Akapuliza tena.

"Tangu nimzae mwanangu wa mwisho," wifi akasema, macho kwenye uzi, "nyonga hii hainibebi. Nikikaa masaa kumi nakanyaga pedali, kuinuka ni kilio. Kwa nesi nimekwenda mara nne. Akaniambia nyonga kila mwanamke anayo."

Viatu vya Kipenga vikasikika mlangoni. Mifuko akashika kipande kingine.

"Asubuhi uliniuliza," wifi akasema.

"Nilikuuliza."

"Sindano haikuniingia, wifi. Kidole niliipelekea mwenyewe."