Springi ya Upande wa Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa amekuja mjini kupimwa macho. Siku aliyopewa miwani mipya, akiwa bado anaiweka sawa puani, alitangaza mezani mbele ya wote kwamba kurudi shamba hatapanda tena ile pikapu ya mkwewe.

"Nitakwenda kwa miguu," alisema. "Nikichoka nitalala njiani. Afadhali kulala njiani kuliko kulala kitandani wiki nzima kama safari ile."

Mkwewe aliinamia sahani yake. Safari ile aliikumbuka vizuri. Njia ya kwenda shambani kwa mama mkwe iliitwa barabara kwa heshima tu: mawe, makorongo, na mahali pamoja ambapo kijito kilikatiza bila kuomba ruhusa. Alimfikisha mama salama, akaagana naye kwa adabu zote, akarudi akijisifu. Haukupita muda, habari zikaanza kumrudia kupitia kwa mashangazi, mashemeji na watu wengine ambao hata hakuwajua: "Mkwe wangu alinitia kwenye kinu, akanitwanga."

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Yeye lilimkaa rohoni. Watu walimwita Fundi Saa, na kweli alishinda kutwa kwenye kibanda kisichozidi kabati, akitengeneza saa za mkononi na za ukutani. Alikuwa mwembamba kama kibano chake, na fahari yake yote ilikuwa vitu vinavyokwenda bila kelele. Kuambiwa kwamba chombo chake kinatwanga watu ni kama mpishi kuambiwa chakula chake kinanuka.

Kesho yake akarudi nyumbani na seti nzima ya springi na shokapu za magari ya porini. Alizipata kwa jamaa mmoja aliyekuwa akishindana mbio za matopeni mpaka mkewe alipomwambia achague moja. Fundi Saa akazipanga uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, akazitazama kwa mahaba.

"Utampa fundi gari gani?" mkewe akauliza. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti yake hata nyumbani ilikuwa ya kumwambia mtu ateme alichokitia mdomoni.

"Nitafunga mwenyewe."

"Wewe ni fundi wa saa, mume wangu."

"Springi ni springi. Tofauti ni ukubwa."

Akapandisha gari kwa jeki, akatia magogo chini ya chesisi, akavua magurudumu. Bolti ya kwanza ya shokapu kuukuu ilikuwa imeshikana na kutu kama ndoa ya wazee. Fundi Saa akachukua kichupa chake cha mafuta ya saa, akachovya sindano, akaidondoshea tone moja. Akangoja. Akaidondoshea la pili.

"Unaifungua au unaitibu?" mkewe akauliza kutoka mlangoni.

Hapo ndipo Fundi Saa alipopandwa na mori. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akaling'ang'ania, akaning'inia mpaka miguu ikaacha ardhi. Bolti haikutikisika. Akajirusha juu chini. Bolti ikatulia tuli. Akaanza kuipa maneno ambayo mwalimu wa chekechea asingeyaruhusu, na katikati ya neno moja baya sana bolti ikaachia ghafla, naye akaenda kuketi ndani ya karai la nguo zilizolowekwa, juu ya gauni la mama mkwe.

Dirisha likafunguka. Miwani mipya ikachungulia.

"Mwanangu," mama mkwe akamwita bintiye, "huyu mumeo huwa anaoga na nguo?"

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mikono ile ilijua subira. Springi zikaingia, shokapu zikakaa, na nati za bushi, zile pete za mpira, hakuzikaza mpaka aliposhusha gari likasimama kwa miguu yake lenyewe, maana mpira ukikazwa gari likiwa linaning'inia hujipinda na kukatika. Lakini kilichomteka zaidi ni kirungu kidogo kilichokuwa juu ya kila shokapu. Ukikizungusha kulia, shokapu inakuwa ngumu. Ukikizungusha kushoto, inalegea. Na kila hatua inalia tik. Fundi Saa akaweka sikio pale akazungusha. Tik. Tik. Alijiona yuko kibandani kwake.

Akaipeleka pikapu kwenye mtaro wa mwisho wa mtaa, ule uliovunja ekseli za wengi, akavuka. Gari likainuka na kutua kama paka anayeshuka ukutani. Akavuka tena, akicheka peke yake.

Kisha akaacha kucheka. Mle ndani alikuwa yeye tu, na yeye hakuwa mzigo. Safari ile nyingine, gari lilikwenda shamba likiwa limeinamia upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu, na upande huo ndio alioketi mama mkwe. Springi zile zilikuwa na pete ya kuzungusha ili kuzikaza kulingana na mzigo, kila upande kwa kadiri yake. Kwa hiyo ilibidi ajue mzigo.

Jioni akamnong'oneza mkewe, "Samahani, mama ana kilo ngapi?"

Mkewe akaweka chini kikombe alichokuwa anakisuuza. "Sema tena."

"Ni kwa ajili ya springi."

"Uzito wa mama yangu? Mwanamume mzima unauliza uzito wa mkweo? Hata mimi aliyenizaa sijamuuliza!"

"Basi kadiria."

"Nikadirie nilaaniwe mimi?"

Ikabidi atumie akili. Kesho yake akaweka kreti ya soda kando ya mlango wa pikapu, maana gari sasa lilikuwa limepanda juu kama kitanda cha hospitali, akamwita mama mkwe aje ajaribu kiti. Mama akaja kwa kujivuta, akapanda kreti, akashika mlango, akapiga hesabu, akaingia. Gari likashusha pumzi upande ule. Haraka Fundi Saa akapiga magoti kwenye gurudumu, akanyoosha futi ya utepe kutoka juu ya tairi hadi kwenye bodi. Alikuwa tayari amepima gari likiwa tupu. Akitoa hiki kwa kile, atapata jibu bila kumuuliza mtu.

"Mkwe," sauti ikatoka juu yake kabla hajasoma namba, "unapima nini hapo?"

"Tairi, mama."

"Tairi lina nini?"

"Halina kitu, mama. Ninalitazama tu."

Miwani ikateremka dirishani, ikatazama tairi, ikatazama futi, ikamtazama yeye. Miwani ile ilikuwa mizuri, ilionyesha kila kitu.

"Unalipima tairi," mama mkwe akasema polepole, "au unanipima mimi?"

Akashuka bila kugusa kreti, akaingia chumbani, akafunga mlango. Chakula cha mchana hakula. Fundi Saa naye hakula, ila yeye ni kwa sababu hakupakuliwa.

"Nenda ukaombe radhi," mkewe akasema.

Akaenda akasimama mlangoni kama mwanafunzi mchelewaji. "Mama, nisamehe. Sikukusudia kukuvunjia heshima. Nilitaka tu gari likubebe kama yai. Safari ile nilikuumiza, na tangu siku ile sina raha."

Ndani kitanda kikalia.

"Sitini na tano," ikasema sauti.

"Asante, mama."

Aliondoka pale akijua, kama ajuavyo kila mwenye macho, kwamba mama mkwe aliagana na sitini na tano zamani, tena bila ya kupeana mikono. Methali ikamjia mdomoni, ile ya mficha uchi hazai, akaimeza haraka. Zipo methali za kila mtu, na zipo ambazo mtu hamwambii mkwewe hata nyumba ikiungua. Kwa heshima akakaza pete kwa kilo sitini na tano, akazungusha kirungu, akanawa mikono.

Jumapili wakaondoka, mama mkwe kiti cha mbele, mkewe kiti cha nyuma. Lami ilikuwa kama hariri. Wakaingia njia ya mawe. Jiwe la kwanza, gari likapita kimya. Korongo la kwanza: ngo! Chuma kwa chuma, upande wa mama. Korongo la pili: ngo! Miwani ikaruka hadi kwenye paji la uso. Mama akairudisha, akatazama mbele.

Fundi Saa akasimamisha gari. "Nikague springi kidogo, mama."

Alikuwa ameshatia jeki na kushika spana ya ndoano ya kuzungushia pete aliposikia kikohozi dirishani. Mama mkwe alikuwa akitazama milima.

"Ongeza kidogo," akasema.

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Kama mtoto wa miaka kumi hivi."

Kiti cha nyuma, mkewe akatia pembe ya mtandio mdomoni akaing'ata.

Fundi Saa akaongeza mtoto wa miaka kumi. Wakaendelea. Korongo lililofuata, ngo, lakini sasa kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Akasimama tena bila kuambiwa.

"Mtoto huyo," mama mkwe akaiambia milima, "ana mdogo wake."

"Naye apande, mama?"

"Utamwacha njiani peke yake?"

Akampakia mdogo mtu. Alipokuwa anafuta grisi mikononi, mkewe akashindwa. "Na mama yao je?" akauliza, kisha akajifunika mtandio uso mzima.

Fundi Saa akabaki na kitambaa mkononi, anahesabu siku zilizobaki za ndoa yake. Halafu gari likaanza kutikisika. Alidhani jeki imeteleza. Kumbe ni mama mkwe anacheka, kwanza tumboni, kisha mabegani, kisha kwa sauti, miwani mkononi na machozi yakimtiririka.

"Huyo mpakie nusu," akasema alipopata pumzi. "Nusu nyingine nimeshaisema!"

Fundi Saa akaongeza nusu ya mama yao. Akazungusha kirungu cha shokapu, tik, tik, tik, ili springi ikikandamizwa isirudi juu kwa papara. Gari sasa likakaa sawasawa. Korongo lililofuata walilisikia kama mtu anavyosikia mto wa manyoya. Mama mkwe akageuza kichwa, akalitazama korongo linavyoachwa nyuma.

"Lile lilikuwa korongo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbona sikulisikia?"

Fundi Saa akaupapasa usukani.

Kwenye kijito alipunguza mwendo kwa adabu. Mama mkwe akauliza anangoja nini, na gari lake liko hai. Wakaingia kwa kasi, maji yakaruka pande zote mbili juu ya madirisha, gari likapanda ukingo wa pili likatua laini.

"Rudia," mama mkwe akasema.

"Mama!" bintiye akalia kutoka nyuma.

"Wewe nyamaza, ulikuwa unacheka. Mkwe, rudia."

Wakarudia mpaka samaki wakahama. Walipofika, mama mkwe alishuka mwenyewe, akanyoosha mgongo, akaupapasa kama anayetafuta kitu alichozoea kukikuta. Hakukikuta. Akamshika mkwewe bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi, akamwambia, "Umefanya kazi, baba." Kisha akaenda kwa jirani yake wa ng'ambo ya ua kumtaka apande pia, ajionee.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Mwalimu wa chekechea alihamia kiti cha mbele, na springi iliyokazwa kwa ukoo mzima ikamkuta ni mwepesi kama daftari. Kwenye jiwe la kwanza kichwa kiligonga paa. Kwenye la pili akapiga kelele wasimame. Hawakuwa hata wamevuka ua. Mama mkwe akaja na gunia la viazi begani, akalitupia kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akamwamuru bintiye akae nyuma.

"Mwacheni huyo akae mbele," alisema akilipigapiga gunia. "Yeye haoni haya kupimwa."