Vidonge vya Kopo la Vifungo

Dada yangu alikuwa na mwili, na hakuna aliyeruhusiwa kuutania kabla yake yeye mwenyewe. Kila asubuhi, akijipenyeza kati ya cherehani zetu mbili kwenda kwenye kiti chake, alipaza sauti: "Sogeeni, meli inatia nanga!" Tulisogea, tukacheka, kazi ikaanza. Mimi ni mdogo wake wa kumfuata ziwa. Utani huo niliusikia mpaka nikauzoea, na bado ulinichekesha.

Nivumilieni nikipandisha hasira katikati ya maneno. Sijui namna nyingine ya kulisimulia jambo hili.

Mezani tulikuwa na kopo la vifungo. Aliyeugua alinunua dawa, akameza za kumtosha, zilizobaki akazitumbukiza humo ili zimsaidie mwenzake kesho. Na fundi cherehani hawezi kuona kitu kizima akakiacha. Tulizikata zile pakiti kwa mkasi, kidonge kimoja kimoja, na pembe tukazikata mviringo zisichome vidole. Kazi safi kabisa! Jina la dawa nalo lilikatika, kipande hiki kikabaki na herufi mbili, kile hakina kitu. Hatukujali. Cha njano kilikuwa cha mafua, basi, nani alihitaji kusoma?

Siku moja dada aliamka na mafua. Alimeza cha njano alipofika, na baadaye akameza kingine.

"Kichwa kinanigonga kama kuna seremala ndani," alisema.

"Basi mwambie mchumba wako atoke," mpiga pasi wetu akamjibu, maana mchumba wa dada alikuwa seremala kweli. Harusi ilikuwa wiki inayofuata. Dada alikuwa na umri ambao watu huacha kumuuliza mwanamke ataolewa lini, na yeye alikuwa akiwacheka hao watu waziwazi. Gauni la harusi alilishona mwenyewe na hakutaka tuliguse. Akaingia nyuma ya pazia kulijaribu, akatupa gauni lake la kazi juu ya kiti.

Redio ya mpiga pasi ilikuwa ikisema peke yake, kama kawaida. Mara tukasikia habari ya dawa. Vidonge vya mafua vya njano vya kampuni fulani vimeondolewa madukani, pamoja na vidonge vya pinki vya kupunguza unene vya kampuni hiyohiyo. Vyote vina kemikali moja inayopandisha presha ghafla, na mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Hatari huzidi kwa anayetumia aina zote mbili. Mwenye navyo aache kumeza, avirudishe alikonunua.

"Alaa! Tumwage vya mafua," mpiga pasi akasema, akilivuta kopo. "Hivyo vya unene, hapa nani anameza? Dada yako?"

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka akaweka pasi chini.

Nikalichukua lile gauni la kazi nilisogeze lisiungue. Nililishona mimi gauni hilo. Vidole vyangu vikapita ubavuni na kukuta mshono ambao sikuuweka. Ndani yake kulikuwa na mshono mwingine. Kiuno kilikuwa kimebanwa, kisha kikabanwa tena, kwa uzi wa rangi ileile, ili nisijue. Nikatia mkono mfukoni. Nikatoa vipande vya pakiti vilivyokatwa kimoja kimoja, pembe zikiwa za mviringo safi. Vidonge vyenyewe vilikuwa vya pinki.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Kuhusu mficha dawa hawakusema kitu.

"Dada!" nikaita.

"Njoo uone," alijibu, na ulimi wake ulikuwa mzito.

Nikafungua pazia. Alikuwa amesimama mbele ya kioo ndani ya gauni jeupe, zipu imefungwa mpaka juu. Alipendeza. Nasema kweli, alipendeza mno. Akanigeukia akitabasamu, na tabasamu likaja upande mmoja tu. Upande wa pili wa uso ulikuwa umelegea na jicho limeshuka. Mkono wa upande huo ulining'inia.

"Limeingia," akasema.

Nikapiga kelele. Yeye akadhani nimefurahi, akacheka nusu ya kicheko, kisha akaniangukia.

Hospitalini zipu iligoma. Nililichana gauni kwa mkasi wake mwenyewe, niliokuwa nimeondoka nao, toka kifuani mpaka pindo, huku muuguzi akinihimiza. Daktari akasema ni kiharusi, akauliza amemeza nini. Nikafungua kiganja: vya njano nilivyochota koponi tukitoka, na vya pinki. Akavigeuzageuza akitafuta jina. Jina gani, jamani? Tulikuwa tumeshalikata. Ikabidi nimsimulie habari ya redio tangu mwanzo, na yeye akatoka mbio.

Seremala alifika na vumbi la mbao nyweleni. Nilipomweleza, alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Apungue? Apungue kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, shemeji."

"Mimi nilimwambia?"

"Hukumwambia."

"Basi nani?"

Hakuna aliyemwambia. Sote tulikuwa tunacheka tu.

Dada hakufa. Watu huniambia nishukuru, nami nashukuru, ila wakilirudia sana hunikera. Harusi iliahirishwa. Siku aliporudi nyumbani, seremala alileta zawadi aliyokuwa ameificha karakanani: kiti cha mninga, kipana, chenye mikono imara. Alikuwa amempima kwa macho alipomposa, akaongeza kidogo ili akae kwa raha.

Tukamketisha. Kiti kilimmeza. Tukajaza mto kulia, tukajaza mto kushoto, na bado aliegemea upande mmoja. Akatutazama sote, na nikaliona jicho lake zima likichangamka kama zamani. Nikajua anataka kusema nini.

"Meli," akasema.

Tukasubiri. Midomo ikahangaika, jasho likamtoka, chozi likafuata. Neno la pili halikuja.

Seremala akapiga magoti, akausukuma mto vizuri ubavuni mwake, akatugeukia.

"Hamjasikia? Sogeeni, meli inatia nanga."

Tukasogea, ingawa nafasi ilikuwa tele.