Jina la Mkwe

Doreen alihesabu viti vya barazani mara tatu. Havikuwa vimepungua. Ni kwamba kila alipofikiria kusimama mbele ya watu wazima na kuwafundisha juu ya ubongo wao wenyewe, alianza kuhesabu upya. Alikuwa muuguzi wa zahanati, ametokea Bukoba, na pale kijijini Lionja alikuwa na miezi minane tu.

"Kusahausahau si uzee tu, wala si kurogwa," alianza, macho yakiwa kwenye karatasi. "Presha isiyotibiwa huchosha mishipa ya ubongo. Kisukari vilevile. Na mtu asiyesikia vizuri hujitenga, akikosa wa kuzungumza naye ubongo unakaa bure."

"Muuguzi," Mzee Kaimu akadakia kutoka nyuma, "mimi nimesahau kuoga tangu juzi. Na hilo ni ubongo?"

"Hilo ni uvivu," mkewe akamjibu, "na dawa yake ninayo nyumbani."

Watu wakaangua kicheko, na Doreen naye akacheka.

Somo lilipokwisha, mtu mmoja alimfuata. Alikuwa Faridi, mwenye duka la vipuri vya pikipiki Ruangwa mjini. Alikuja kwa ajili ya mama yake, Bibi Hajra, aliyekuwa bado ameketi kitini. Wiki iliyopita Bibi Hajra aliokota korosho ndoo mbili nzima katika shamba la jirani, akiapa kwamba ni lake. Kabla ya hapo aliunguza sufuria mara mbili.

"Dada, mpime," Faridi alisema. "Kama kichwa kimechoka, Jumamosi namchukua Ruangwa. Shamba tutalikodisha, nyumba tutaifunga."

Bibi Hajra alisikia. Alikaza kanga yake.

Doreen alimwingiza chumbani peke yake, kwa kuwa semina aliyohudhuria Nachingwea ilisisitiza kwamba ndugu wasiwepo kumnong'oneza mgonjwa majibu. Maswali yalikuwa kumi. Leo ni tarehe ngapi? Bibi hakujua. Aliambiwa akumbuke maneno matatu, maji, jembe na mbuzi. Baada ya dakika chache hakuwa na hata moja.

"Aliyekuleta hapa asubuhi anaitwa nani?"

Bibi akainamisha uso, akatabasamu. "Mtu wa pale nyumbani."

"Jina lake, bibi."

"Huyo huyo, mwenye baiskeli."

"Na mjukuu wako mdogo, anaitwa nani?"

"Babu mdogo," alisema Bibi, akafunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Doreen akaandika sifuri mbili. Alipojumlisha alipata nne juu ya kumi, na moyo ukamwuma. Alitoka hadi barazani akamsomea Faridi matokeo kwa sauti ndogo.

Mwanabibi, dada yake Faridi anayeishi na mama, alikuwa amesimama karibu. "Subiri kwanza, dada. Ulimuuliza jina la nani?"

"Aliyemleta."

"Alimleta mume wangu! Mama amtaje mkwewe kwa jina? Huku kwetu hilo halipo. Na mtoto wangu amerithi jina la babu yetu, baba mkwe wake mama. Hata ungemfinya asingelitamka."

Faridi alijikuna kisogo. "Kweli. Hata mimi hilo limenipita."

Doreen alihisi uso ukimwaka moto. Aibu ilikuwapo, lakini udadisi uliizidi nguvu. Alirudi chumbani, safari hii na Mwanabibi, akamwomba arudie maswali kwa Kimwera, lugha ya nyumbani kwao, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.

"Bibi, nionyeshe kwa kidole aliyekuleta," alisema Doreen, na Mwanabibi akafasiri.

Bibi akanyoosha kidole dirishani, kwa mwanamume aliyekuwa nje akikaza mnyororo wa baiskeli.

"Jina lake unalikumbuka kweli?"

Bibi Hajra alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini jua ni la moto. "Jina usiloruhusiwa kulitaja huwezi kulisahau, mwanangu. Kila siku unalichunga lisikuponyoke."

Tarehe ya kalenda ya ukutani hakuijua hata kwa Kimwera, ila alisema mwezi umeandama na leo ni siku ya sita. Faridi aliulizwa kupitia dirisha akakiri ni kweli. Maneno matatu yalirudiwa. Zilipita dakika, Bibi akapata jembe. Maji na mbuzi hayakurudi. Mwanabibi alifungua mdomo kumsaidia, kisha akaufunga.

Doreen alitamani sana aandike kumi. Alijumlisha upya yale aliyojibu Bibi tu, akampima presha, halafu akatoka.

"Si nne," alimwambia Faridi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutazama chini. "Ile nne niliikosea mimi. Lakini si kumi pia. Kuna kitu kinapungua, na ile korosho si bahati mbaya. Presha yake nayo iko juu. Apelekwe hospitali Nachingwea, daktari amwone. Ila kumhamisha ghafla mahali asipopajua kunaweza kumchanganya zaidi."

"Kwa hiyo nimwache aunguze nyumba?"

"Asipike peke yake. Shambani aende na mtu, na miti yake ifungwe vitambaa aitambue."

Bibi Hajra alikuwa amejikongoja hadi mlangoni.

"Faridi baba, nikipotea hapa, hata mtoto wa jirani atanirudisha. Nikipotea Ruangwa, nitamwambia nani kwetu ni wapi?"

Faridi alizungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni, akamtazama mama yake, kisha dada yake. Mwanabibi akasema kupika atapika yeye, mradi kaka asimwachie mzigo wote peke yake.

"Kliniki ya presha Nachingwea," hatimaye Faridi aliuliza, "ni siku gani?"

"Jumatano."

"Basi Jumanne jioni nitalala Lionja. Mama, utanipikia?"

"Nitaelekeza," alisema Bibi Hajra. "Dada yako atapika."